Kahawa nzuri nyumbani bila mashine ya ghali: kuanzia punje mbichi hadi kikombe

Kahawa ya nyumbani mara nyingi huharibika kabla haijafika jikoni. Unanunuliwa unga ambao haijulikani ulisagwa lini, umekaa rafuni kwenye joto, ukifika nyumbani unawekwa kwenye kopo kando ya jiko, kisha unachemshwa kwenye sufuria mpaka harufu yote iishie hewani. Kinachobaki ni uchungu, nao unazimwa kwa vijiko vitatu vya sukari. Watu wakionja hivyo miaka nenda miaka rudi, huamini ndivyo kahawa ilivyo, hata wale wanaoishi chini ya Mlima Kilimanjaro au karibu na Nyeri, ambako punje zao zinagombaniwa na wanunuzi wa Ulaya na Japani.

Mwongozo huu ni wa kupata kahawa inayonyweka bila sukari kwa vyombo ambavyo vingi unavyo: kikaango, ungo, kipande cha kitambaa cha pamba, chupa tupu ya maji ya nusu lita ya kupimia, na ukiweza mizani ndogo ya jikoni. Kama una pesa ya kununulia kitu kimoja tu, nunua kinu cha mkono cha kusagia chenye meno. Birika la shingo ndefu, mashine ya espreso na kipimajoto vinaweza kusubiri. Kinu hakisubiri, na sababu zake zinakuja.

Kununua: soma tarehe kabla ya jina

Kwenye pakiti tafuta tarehe ya kukaangwa. Tarehe ya mwisho wa matumizi inakuhakikishia tu kwamba kahawa haitakudhuru, haisemi kama bado ina ladha. Kahawa ambayo haijasagwa huwa kwenye ubora wake kati ya siku ya nne na wiki ya nne baada ya kukaangwa, na ikifungwa vizuri huvumilia hadi kama miezi miwili. Iliyosagwa huanza kupoteza harufu ndani ya dakika chache, na baada ya wiki moja tofauti anaionja hata mtu asiyejali. Pakiti isiyo na tarehe ya kukaangwa irudishe rafuni. Kile kitundu cha plastiki kwenye mifuko mizuri ni vali: kinatoa gesi inayotoka kwenye punje bila kuingiza hewa. Bana mfuko taratibu unuse. Harufu inayofanana na mafuta ya kupikia yaliyokaa ni ya kahawa iliyochoka.

Herufi AA huwapoteza wengi. Kenya na Tanzania huzitumia kuonyesha ukubwa wa punje, basi. AA ni kubwa, AB ni ndogo kidogo, na PB ni ile punje ya mviringo inayopatikana tunda likizaa mbegu moja badala ya mbili. AB iliyokaangwa wiki iliyopita inaishinda AA ya mwaka jana bila ubishi. PB ina faida moja ya kweli kwa anayekaanga mwenyewe: inaviringika kwenye kikaango, kwa hiyo inaiva sawasawa kuliko punje zenye upande bapa.

Kuhusu ladha, chagua kwa namna utakavyoinywa. Aina kuu za kahawa ni mbili, arabika na robusta. Arabika ya Kilimanjaro, Arusha, Mbozi na Mbinga kwa kawaida ni laini, yenye uchachu wa wastani, na inafaa kunywewa kavu, yaani bila maziwa, asubuhi. Arabika ya Nyeri na Kirinyaga ni kali zaidi kwa uchachu, ule mzuri unaokaribia zabibu na ukwaju, hasa ikiwa imetokana na aina ya SL28, ambayo Scott Laboratories, maabara ya utafiti wa kilimo nchini Kenya, waliichagua miaka ya 1930 kutokana na mibuni iliyotoka Tanganyika. Kahawa ya Bugisu, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, ina uzito mdomoni. Robusta ya Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, ina uchungu na haina uchachu wa kutajika. Kavu inachosha, lakini kwenye dele, lile birika la kahawa la watu wa pwani, lenye tangawizi au ndani ya maziwa ndipo mahali pake, na kuidharau kwa sababu wauzaji wa ng'ambo wanaidharau ni kujinyima.

Kahawa ya Rwanda, Burundi na Kivu ni tamu mno, ila ina jambo lake la kujihadhari. Mara mojamoja punje huwa na kasoro inayohusishwa na mdudu anayetoboa tunda likiwa bado mtini, na punje hiyo ikisagwa hutoa harufu kali ya kiazi kibichi. Kwa macho huitambui. Saga kiasi cha kikombe kimoja kwa wakati, nusa, na ukisikia kiazi mwaga saga hiyo tu, yaani kahawa uliyokwisha kuisaga. Anayesaga robo kilo kwa mkupuo anaiharibu robo kilo nzima kwa punje moja.

Kukaanga mwenyewe

Si lazima. Kama una mkaangaji mzuri karibu, mwachie kazi hiyo uende moja kwa moja kwenye kusaga. Ila punje mbichi iliyohifadhiwa mahali pakavu inakaa miezi mingi bila kuchuja, wakati iliyokaangwa inahesabu siku, kwa hiyo mwenye kilo mbili za mbichi ndani ana kahawa mpya kila wiki.

Nunua iliyokobolewa. Kahawa ya maganda, ile iliyokaushwa na tunda lake, haiwezi kukaangwa ilivyo. Punje nzuri mbichi ina rangi ya kijani iliyofifia na harufu kama ya nafaka kavu. Ikiwa njano, ina madoa meupe au inanuka ukungu, iache. Kwa wanaoishi Dar, Mombasa au Unguja, unyevu ndio adui: weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mbali na sakafu.

Kabla ya moto, chambua kwenye sinia kama unavyochambua mchele. Toa punje nyeusi, zilizotobolewa, zilizovunjika, na zaidi ya yote vijiwe. Kijiwe kimoja kinatosha kung'oa jino la kinu.

Tumia kikaango kizito cha chuma au sufuria nene ya upana wa sentimita 26 hadi 28. Usitumie kikaango kisichoshika, joto la kukaangia kahawa linaharibu utando wake. Kaangia nje au karibu na dirisha lililo wazi, maana moshi ni mwingi mwishoni.

1. Pima gramu 200. Punje zisizidi tabaka mbili. Ukijaza zaidi, za chini zinaungua huku za juu zikichemka kwa mvuke wake.
2. Pasha kikaango kitupu dakika 3 kwa moto wa wastani. Kwa mkaa, subiri makaa yapate jivu jembamba juu. Makaa mekundu matupu ni makali mno.
3. Mimina punje na koroga kwa mwiko wa mbao bila kupumzika. Hakuna kujibu simu hapa.
4. Kati ya dakika ya 4 na ya 6 kijani kinageuka njano, na harufu inatoka ya majani makavu kwenda ya mkate. Ule mvuke mweupe ni maji yanayotoka kwenye punje.
5. Rangi inakuwa hudhurungi, makapi membamba yanaanza kuruka. Kati ya dakika ya 8 na ya 11 utasikia mlio wa kwanza: punje zinapasuka moja moja, kisha kwa wingi, kama bisi. Punguza moto kidogo mlio ukishika kasi.
6. Kuanzia hapo hesabu. Dakika 1 hadi 1 na nusu ni kahawa nyepesi yenye uchachu. Dakika 2 hadi 3 ni ya kati, na ndiyo ya kuanzia. Ukiendelea, mlio wa kwanza utanyamaza, kisha utakuja wa pili, mdogo na wa harakaharaka kama kijiti kikavu kinachovunjwavunjwa. Hiyo ni kahawa nyeusi, na mafuta yataonekana juu ya punje.
7. Epua kabla ya rangi unayoitaka, si baada yake, kwa sababu punje inaendelea kuiva kwa joto lake. Mwaga kwenye ungo, pepeta makapi yapeperuke, hamishia kwenye ungo wa pili, endelea kupeta mbele ya feni mpaka mkono ustahimili kuzishika. Ndani ya dakika 4 ziwe zimepoa.

Zipime tena. Gramu 200 mbichi zikitoa gramu 166 hadi 172, umekaanga wastani. Ukipata 180, hazijaiva ndani, na ladha itakuwa ya majani na karanga mbichi. Chini ya 160 umefika kwenye masizi. Mlio wa kwanza ukija kabla ya dakika ya 6, moto ulikuwa mkali: nje imeungua na ndani bado, na kikombe kitakuwa kichachu na chungu kwa pamoja, jambo linalowachanganya wengi. Ukichelewa kupita dakika ya 16, punje zimeokwa badala ya kukaangwa, na ladha inakuwa butu, haina mahali popote inaposimama. Madoa meusi upande mmoja wa punje maana yake kikaango ni chembamba au mwiko ulikuwa unasuasua.

Usinywe siku hiyohiyo. Punje iliyotoka motoni imejaa gesi ya kabonidayoksaidi, na gesi hiyo inasukuma maji yasiingie. Weka kwenye mtungi wa kioo bila kukaza mfuniko kwa saa 12, kisha ukaze na uweke kabatini penye giza. Siku ya tatu ndipo inapoanza kusema kweli. Friji haifai kwa kahawa ya kila siku: kila ukifungua, unyevu unaganda kwenye punje, na harufu ya kitunguu inahamia humo. Friza inafaa kwa akiba tu, ikiwa imegawanywa kwenye vifuko vya gramu 50 vilivyofungwa kabisa, na kifuko kikitoka hakirudi.

Kusaga ndiko kunakoamua

Maji hutoa ladha kwenye kahawa kwa mpangilio: kwanza uchachu, kisha utamu, mwisho uchungu na ule ukavu unaoshika ulimi. Chembe ndogo hutoa vyote haraka, chembe kubwa huchelewa. Sasa fikiria saga yenye vumbi na mapande pamoja. Wakati vumbi limeshafika kwenye uchungu, mapande bado yako kwenye uchachu. Hakuna muda wala joto la maji litakaloponya mchanganyiko huo. Ndiyo maana kinu chenye meno, hata kidogo cha mkono, kina thamani kuliko chombo kingine chochote: kinakata punje mpaka zipite kwenye nafasi moja tu uliyoipanga.

Blenda yenye visu haipangi chochote, inapasua. Kama ndiyo uliyo nayo, kuna namna ya kupunguza madhara. Weka gramu 20 hadi 30 tu. Washa sekunde 2, zima, tikisa, washa tena, jumla isipite sekunde 15. Ukiiacha inaunguruma mfululizo, visu vinapasha unga na harufu inakwisha kabla ya maji. Kisha pitisha saga kwenye chujio la chai lenye matundu madogo sana. Mapande yaliyobaki juu tumia kwa presi (chupa ya kioo yenye kichujio cha kusukuma) au chujio la kitambaa. Vumbi lililopita chini liweke kando kwa ajili ya dele, ambako linahitajika. Utashangaa wingi wa vumbi hilo, na utaelewa uchungu ulikuwa unatoka wapi.

Kinu na mchi navyo vinafanya kazi, mradi utwange kidogokidogo na kuchekecha kwa namna hiyohiyo. Usitumie kinu kilichotwanga kitunguu saumu, hata kama kimeoshwa.

Ukubwa wa saga kwa kila njia: presi, chembe zinazokaribia chumvi ya mawe iliyopondwa; chujio la kitambaa, kama sukari ya kawaida; moka (birika dogo la jikoni ambalo mvuke husukuma maji yapande kupitia kahawa), kama chumvi laini ya mezani; dele, karibu na unga wenyewe. Ukinunua iliyosagwa dukani, mwambie muuzaji utatumia chombo gani, na nunua ya siku saba, si zaidi.

Maji, joto na vipimo

Kikombe cha kahawa ya kuchuja ni maji kwa zaidi ya asilimia 98. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo maeneo mengi ya pwani yanayo, yataua kahawa yoyote ile. Tumia ya kunywa ya dukani kwa kahawa tu, nusu lita haikufilisi. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yachemshe bila mfuniko kwa dakika chache, harufu itapungua. Kanuni rahisi: maji usiyoyafurahia kwenye glasi hutayafurahia kwenye kikombe.

Joto linalotakiwa ni nyuzi 92 hadi 96, na hapa ushauri wa kusubiri maji yapoe baada ya kuchemka unategemea unakaa wapi. Dar es Salaam na Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, kwa hiyo subiri kama sekunde 40 birika likiwa wazi. Moshi yanachemka kwa takribani 97, subiri sekunde 15. Nairobi na Mbeya yanachemka karibu na 94: mimina palepale. Mtu wa Nairobi anayefuata maelezo yaliyoandikwa na watu wa usawa wa bahari, akasubiri dakika nzima, anatengeneza kahawa chachu halafu anailaumu punje. Kahawa iliyokaangwa sana itilie maji ya nyuzi 88 hadi 90, ili uchungu wake usitoke wote.

Kipimo cha kuanzia ni gramu 60 za kahawa kwa lita moja ya maji, yaani gramu 30 kwa chupa ya nusu lita, gramu 15 kwa kikombe cha mililita 250. Bila mizani, kijiko cha mezani kilichosawazishwa kwa kisu hubeba kama gramu 5 za saga, hivyo vijiko vitatu kwa kikombe. Usibabaike kwamba ni vingi. Wengi hutumia kimoja na nusu, kisha wanachemsha muda mrefu kufidia, na kwa kufanya hivyo wanapata maji mepesi yenye uchungu. Ukitaka kahawa nyepesi, itengeneze kwa kipimo kamili kisha ongeza maji ya moto kwenye kikombe.

Chujio la kitambaa

Hii ndiyo njia ya kuanzia kwa asiye na chombo chochote. Shona mfuko wa pembe tatu kutoka kitambaa cheupe cha pamba kisicho na dawa wala rangi, kina cha sentimita 15, na ukingo wa mdomo uzungushie waya wenye mkono. Kitambaa kipya kichemshe dakika 10 pamoja na kijiko cha kahawa iliyokwisha kutumika, ili harufu ya dukani itoke.

1. Suuza chujio kwa maji ya moto, likamue, liweke juu ya birika au jagi lililopashwa.
2. Tia gramu 30 za saga, sawazisha.
3. Mimina mililita 60 hadi 70 za maji, kiasi cha kulowanisha tu. Saga itavimba na kutoa mapovu. Subiri sekunde 40. Isipovimba kabisa, kahawa ni ya zamani. Endelea, lakini ujue.
4. Mimina yaliyobaki polepole kwa mduara mdogo, kuanzia katikati, kwa mikupuo mitatu. Usimwagie pembeni mwa kitambaa, maji yatapita bila kugusa kahawa.
5. Jumla ya muda kuanzia tone la kwanza iwe dakika 3 na nusu hadi 4. Ondoa chujio hata kama bado linadondosha. Matone ya mwisho ni uchungu mtupu. Koroga jagi kabla ya kumimina, kwa sababu ya chini ni nzito kuliko ya juu.

Likichukua zaidi ya dakika 5, saga ni laini mno au kitambaa kimeziba. Likipita chini ya dakika 2 na nusu, saga ni kubwa. Kamwe usilioshe kwa sabuni, itarudi kwenye kikombe. Suuza kwa maji mengi na ulihifadhi likiwa limezama kwenye maji safi ndani ya friji. Likikauka na mafuta yake, linapata harufu isiyotoka. Baada ya matumizi ya kila siku kwa miezi miwili hivi, shona jingine.

Presi na moka

Kwa presi, ile chupa ya kioo yenye kichujio cha kusukuma, tumia gramu 30 kwa nusu lita. Mimina maji yote kwa mara moja, subiri dakika 4, vunja tabaka la juu kwa kijiko, toa povu na chembe zinazoelea. Sasa subiri dakika 4 nyingine bila kugusa, ndipo wengi wanapokosa subira. Chembe zinazama zenyewe. Teremsha kichujio mpaka kiguse uso wa kahawa tu, usisukume hadi chini, maana ukisukuma unatibua matope uliyosubiri yatulie. Mimina yote papo hapo, na isiyonywewa iende kwenye chupa ya chai.

Moka ni ya kahawa nzito, na neno kikombe kwenye boksi lake lina maana ya mililita 50 hivi, kwa hiyo moka ya vikombe vitatu inamtosha mtu mmoja. Jaza chini maji ya moto tayari hadi usawa wa vali, jaza kikapu bila kushindilia, moto mdogo, mfuniko wazi. Kahawa ikianza kutoka kwa rangi ya njano na kukoroma, epua na upoze kitako chini ya bomba.

Kahawa ya dele

Kahawa chungu ya Zanzibar, Mombasa na Dar ina kanuni zake. Hii inachemshwa kwa makusudi, na viungo vinabeba kile ambacho moto unakipoteza. Haina haja ya arabika ya bei mbaya. Robusta, au mchanganyiko wa nusu kwa nusu, iliyokaangwa hadi karibu na mlio wa pili na kusagwa laini, inafaa zaidi.

Kwa lita moja ya maji: kahawa gramu 60, tangawizi mbichi kipande cha kidole gumba kilichopondwa, iliki punje 8, na ukipenda kijiti kifupi cha mdalasini. Karafuu moja inatosha, mbili zinatawala.

Chemsha tangawizi na mdalasini dakika 5. Epua, tia kahawa, koroga mara moja, rudisha kwenye moto mdogo. Povu likipanda hadi mdomoni epua lishuke, rudisha, mara tatu. Usiache ichemke kwa nguvu kati ya hizo. Iliki iliyotwangwa pale pale inaingia mwisho, baada ya kuepua, kwa sababu harufu yake ni nyepesi na ikitangulia itakuwa imekwishaondoka. Nyunyiza kijiko cha maji baridi juu, acha dakika 5 machicha yazame, kisha mimina polepole kwenye dele bila kutikisa. Makaa mawili matatu chini yake yanatosha kuiweka moto. Yakiwa mengi itaendelea kupika na baada ya nusu saa itakuwa dawa. Sukari haiingii kwenye dele. Kashata, halua au tende ndizo zinazobeba utamu, kidogo kidogo kati ya funda moja na jingine.

Gahwa ya Saudia ni ndugu yake lakini si pacha: punje hukaangwa nyepesi, rangi inakuwa ya dhahabu, na iliki huwa nyingi zaidi. Usijaribu kuitengeneza kwa kahawa nyeusi ukadhani ni suala la viungo tu.

Kwa kahawa ya maziwa, tengeneza kahawa nzito kwanza, gramu 50 kwa nusu lita, kisha ongeza maziwa. Kuchemsha saga ndani ya maziwa hakutoi ladha vizuri. Maziwa ya ng'ombe mabichi lazima yachemshwe kwa usalama, yaache yapoe kidogo kabla ya kuchanganya. Ya pakiti yapashe tu hadi sufuria isishikike kwa mkono, bila kuchemka.

Ladha ikikosea

Onja ikiwa vuguvugu, si ya moto sana. Ulimi uliounguzwa haupimi kitu. Kisha badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio, vinginevyo hutajua kilichosaidia.

Uchachu mkali unaokunja uso, na ladha inakatika haraka: maji hayakutoa vya kutosha. Saga laini zaidi, na isipotosha, ongeza joto au muda. Uchungu wenye ukavu ulimini: umetoa kupita kiasi, saga kubwa zaidi au punguza muda. Nyepesi kama maji ya kuoshea kikombe ingawa si chachu wala chungu: kahawa ni kidogo, ongeza gramu 3 kwa nusu lita. Nzito mno lakini tamu: iko sawa, ongeza maji ya moto. Uchungu wa masizi usioondoka kwa saga wala muda ni wa kikaango, na hauna tiba ila kuipeleka kahawa hiyo kwenye maziwa au dele. Harufu ya ukungu au gunia ni ya punje mbichi iliyohifadhiwa vibaya. Ukali wa mafuta yaliyochacha, huku kahawa ikiwa mpya, unatoka kwenye vyombo.

Hilo la vyombo linasahaulika kuliko yote. Mafuta ya kahawa yananata kwenye kichujio cha presi, kwenye meno ya kinu na ndani ya chupa ya chai, na yanachacha ndani ya siku chache. Fungua presi yote kila mara uioshe kipande kwa kipande. Chupa ya chai itie kijiko cha bekingi soda na maji ya moto, iache usiku kucha, isuuze mara mbili. Kinu hakioshwi kwa maji: kifungue mara moja kwa wiki, kisugue kwa brashi kavu ya meno, na kabla ya kukirudisha kazini saga kiganja cha punje za zamani ulizokusudia kuzitupa.